Mjeledi, Sarafu na Mizani: Kusoma Umbo la Vyura

Wanaume wawili wamevuliwa nguo mbele ya lango la Kuzimu. Mmoja ni Dionysus, mungu wa mvinyo na wa tamthilia yenyewe. Wa pili ni Xanthias, mtumwa wake. Wamebadilishana mavazi mara kadhaa, Dionysus akikimbilia kila mara vazi lenye nafuu kwa wakati ule, na sasa bawabu wa Kuzimu hajui yupi mungu na yupi mtumwa. Dionysus anataka wacharazwe wote wawili sawasawa, na Xanthias anaongeza sharti: atakayelia kwanza, huyo si mungu. Mjeledi unaanza, huku pigo moja na kule pigo moja. Dionysus anapiga ukelele, kisha anadai kwamba ameona wapanda farasi. Machozi yakimlengalenga, eti ni vitunguu. Xanthias naye anaguta, halafu anasingizia kwamba amekumbuka sikukuu ya Heracles. Mwishowe bawabu anachoka. Anakiri kwamba hawezi kuwatenganisha, na anawaingiza ndani ili bwana wake na Persephone, ambao ni miungu, wakaamue wenyewe.

Jukwaa linabaki tupu. Hapo korasi, wanaume 24, wanageuka na kuikabili hadhira, na bila kugusa habari ya mjeledi hata kwa neno moja wanaanza kuisemesha Athens juu ya haki za uraia.

Mwaka ni 405 KK. Athens imo katika mwaka wa 26 wa vita vyake na Sparta. Tamthilia ni Vyura ya Aristophanes, iliyochezwa katika sikukuu ya Lenaia na kutwaa tuzo ya kwanza. Msomaji anayeifungua kwa mara ya kwanza huona kama gunia la vichekesho: mara viboko, mara hotuba ya siasa, mara malumbano marefu ya washairi wawili waliokufa. Nami niliisoma hivyo kwa muda mrefu. Nilifurahia vipande, nikadhani mshonaji wake hakujali mshono. Siku hizi naiona kwa namna nyingine kabisa. Naona tendo moja linalorudiwa kwa zana tatu, mjeledi, sarafu na mizani, na naona kwamba sehemu za kimapokeo za futuhi ya Kigiriki, zile ambazo kila mtunzi wa zama hizo alipaswa kuzitumia, ndizo zilizompa Aristophanes nafasi ya kulirudia.

Wagiriki walikuwa na neno moja kwa tendo hilo: basanos. Kwanza ni jiwe jeusi la wafua dhahabu. Unasugua pambo juu yake, unatazama rangi ya mchirizi, unajua kama ni dhahabu au ni kiini macho. Neno hilo hilo lilitumika kwa mateso aliyopewa mtumwa ili ushahidi wake ukubalike mahakamani, kwa kuwa sheria ya Athens iliamini kwamba mtumwa husema kweli akiumizwa. Neno hili na vitenzi vyake linarudi tena na tena katika Vyura, kuanzia kwenye viboko hadi kwenye mashairi.

Ili kuona ufundi huo inabidi kwanza tujue Aristophanes alirithi nini.

Jina la futuhi kwa Kigiriki, komodia, limeunganisha komos na ode. Ode ni wimbo. Komos ni kundi la watu waliokunywa, wanaozunguka mitaani kwa kelele, ngoma na matani. Aristotle, aliyeandika katika karne ya 4 KK, anasema futuhi ilitoka kwa viongozi wa nyimbo za uume, yaani maandamano ya sikukuu za Dionysus ambamo mfano wa uume ulibebwa juu ya mti kuombea rutuba. Anataja pia madai ya Wadori kwamba jina limetoka katika kome, neno lao la kijiji, kwa sababu wachekeshaji walidharauliwa mjini wakawa wanatangatanga vijijini. Etimolojia hiyo haijapata wafuasi wengi, lakini inaonyesha kwamba tangu zama zile watu waligombea sifa ya kuwa wa kwanza kuchekesha. Wasicilia walikuwa na hoja: Epicharmus wa Syracuse alikuwa akitunga vichekesho wakati Athens yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Lakini ushahidi ninaoupenda kuliko maneno ya Aristotle umo ndani ya futuhi yenyewe. Katika Waakarnia, ya mwaka 425 KK, mkulima Dicaeopolis amechoka na vita, amejifungia mkataba wake binafsi wa amani, na sasa anaadhimisha sikukuu ya Dionysus ya kijijini nyumbani kwake. Binti anatangulia na kikapu. Mtumwa anafuata, ameusimamisha ule mti. Baba anakuja nyuma akiimba wimbo wa uume. Mke ameambiwa apande juu ya paa atazame. Maandamano ya kijiji kizima yamebanwa yakawa ya familia moja, na umati wa watazamaji umekuwa mwanamke mmoja darini. Na kabla sherehe haijaisha, korasi ya wachoma makaa wenye hasira, waliokuwa wakimvizia, inamrukia kwa mawe. Mambo matatu yamekutana hapo katika kipimo kidogo: waandamanaji, mtazamaji, na ugomvi kati ya mtu mmoja na kundi. Futuhi imejitengenezea kielelezo cha asili yake na kukiweka jukwaani.

Urithi mwingine ni wanyama. Vyombo vya udongo vilivyochorwa Athens katika karne ya 6 na mwanzo wa karne ya 5 KK vinaonyesha wanaume waliovaa kama ndege, na wengine waliopanda migongo ya wenzao waliovalia kama farasi, huku mpiga zumari akiwa mbele yao. Basi tukikuta korasi ya nyigu, ya ndege au ya vyura, si ubunifu wa mtu mmoja. Mtunzi Magnes, aliyemtangulia Aristophanes kwa kizazi kizima, alikwishaleta ndege na vyura jukwaani. Na katika Vyura, vyura wenyewe wana wimbo mmoja tu, wakati Dionysus anapiga makasia kuvuka ziwa la Kuzimu akishindana nao kwa sauti. Wasomi hubishana kama walionekana au walisikika tu kutoka mafichoni. Vyovyote iwavyo, wameipa tamthilia jina na kupotea. Korasi halisi inakuja baadaye. Naona hapo mtunzi anamsalimu babu yake wa kisanaa na kuendelea na safari.

Mwaka 486 KK mji wa Athens uliipokea futuhi rasmi katika mashindano ya sikukuu kubwa ya Dionysus. Lenaia ikafuata kwenye miaka ya 440 KK. Tangu hapo kila kitu kilipimwa. Ofisa wa mji ndiye aliyempa mtunzi korasi. Tajiri mmoja alibebeshwa gharama zake, mavazi na mazoezi. Waigizaji walivaa barakoa, matumbo na makalio ya kujazwa vitambaa, na uume wa ngozi ukining'inia mbele. Waamuzi walitoka katika makabila 10 ya mji kwa kura ya bahati, ili asiwepo wa kuwahonga mapema. Utani wa mtaani, ambao asili yake ni mtu mlevi kumrushia mpita njia neno chafu, ulitiwa ndani ya idadi, zamu na bahari za mashairi. Haukupoteza ukali. Mwaka 426 KK Aristophanes alimgusa mwanasiasa Cleon kwa namna iliyomfanya Cleon amshtaki, na miaka miwili baadaye kijana huyo akamrudia Cleon kwa tamthilia nzima, Mashujaa wa Farasi, akashinda.

Sehemu iliyobeba ukali huo kwa utaratibu mkubwa kuliko zote iliitwa parabasi, maana yake kusogea mbele. Waigizaji wametoka, hadithi imesimama, na korasi inasonga kuelekea watu. Parabasi kamili ilikuwa na utangulizi mfupi, kisha hotuba katika bahari ya anapesti ambamo mara nyingi sauti ya mtunzi mwenyewe ilisikika akijisifu na kuwalaumu waamuzi, kisha kipande walichokiita pnigos, yaani kukaba pumzi, kwa kuwa kilitamkwa mfululizo bila kuvuta hewa. Baada ya hapo yalikuja mapacha mawili: wimbo na hotuba, wimbo na hotuba. Wimbo wa pili ulilazimika kufuata bahari ya wa kwanza hatua kwa hatua, na hotuba ya pili kuwa na mistari ileile kwa idadi.

Nakaa kidogo kwenye masharti haya kwa sababu watu wengi hudhani futuhi ya kale ilikuwa holela. Ukweli ni kinyume. Pale ambapo ulimi uliachiwa zaidi, pale ambapo korasi iliweza kumtaja kiongozi kwa jina lake huku ameketi mbele yao, ndipo umbo lilipokazwa zaidi. Tusi lisilo na vina ni tusi tu, na aliyetukanwa atajibu kwa ngumi. Tusi lililokaa katika ubeti ambao ndugu yake pacha atakuja baada ya mistari 20, miguu ya watu 24 ikikanyaga pamoja na zumari ikiongoza, linakuwa la mji mzima.

Sasa turudi kwenye Vyura. Parabasi yake imekatwa kichwa. Hakuna utangulizi, hakuna anapesti za mtunzi, hakuna kukaba pumzi. Kuna mapacha mawili tu. Sehemu zilizokosekana zimekwenda wapi?

Zimehamia mwanzoni, pale korasi inapoingia. Korasi hii ni ya wafu walioingizwa katika ibada za siri za Eleusis, ambao huko Kuzimu wanaendelea na maandamano yao ya furaha. Maandamano hayo yalikuwa halisi. Kila mwaka Waathens walitembea hadi Eleusis, na njiani, darajani, waliwatania kwa maneno makali watu wakubwa waliopita. Lakini tangu mwaka 413 KK jeshi la Sparta liliweka ngome Decelea, ndani ya ardhi ya Athens, na barabara ile ikawa ya hatari. Ukiacha mwaka mmoja ambapo jemadari Alcibiades aliwasindikiza kwa jeshi, walikwenda kwa bahari. Kwa hiyo watu walioketi Lenaia mwaka 405 KK waliona jukwaani, wakifanywa na wafu, maandamano ambayo wao walio hai walikuwa wamenyang'anywa.

Humo ndani kiongozi wa korasi anatamka anapesti zake. Kwenye siri halisi za Eleusis tangazo liliwataka wauaji na wasiojua Kigiriki wakae mbali. Hapa kiongozi anawafukuza wengine: wachochea fitina, wapokea rushwa, waliosaliti ngome au meli, wanaompelekea adui vifaa kwa magendo, na hata mwanasiasa aliyepunguza ujira wa watunzi. Lugha ni ya ibada, lakini kazi inayofanyika ni ile ile ya bawabu: nani apite, nani abaki nje. Kwa kuihamisha hotuba hiyo mbele, Aristophanes amepata vitu viwili. Amefungua tamthilia yake ya upimaji kwa mchujo wa kidini, na ameiacha parabasi iliyo nyepesi, isiyo na mtunzi anayejisifu ndani yake, tayari kwa neno zito.

Wimbo wa kwanza wa parabasi unamwita Mungu wa kike wa sanaa aje atazame umati wa watu wenye hekima, kisha ghafla unamgeukia Cleophon, kiongozi aliyekataa amani na Sparta, na kumwimba kama mgeni ambaye midomoni mwake analia ndege wa Thrace. Hotuba inafuata, mistari 20. Kiongozi anasema wananchi wote wawekwe sawa na hofu iondolewe. Mwaka 411 KK watu wachache walikuwa wameipindua demokrasia kwa muda mfupi. Baada ya demokrasia kurudi, wengi waliohusika walinyang'anywa haki zao. Korasi inasema waliteleza, walinaswa na ngwara za mtu mjanja, wasamehewe. Kisha inaleta ulinganisho unaouma. Mwaka uliotangulia, katika vita vya baharini vya Arginusae, Athens ilikuwa na upungufu wa wapiga makasia hivi kwamba watumwa walipandishwa melini na kuahidiwa uhuru, na uhuru huo wakaupata. Korasi inasema: vema, hilo ndilo jambo la busara pekee mlilofanya. Ikiwa mtu aliyepigana mara moja tu baharini ametoka utumwani akawa bwana, iweje waliopigana nanyi mara nyingi, wao na baba zao, wasisamehewe kosa moja?

Wimbo wa pili, ukifuata nyayo za wa kwanza, unamshukia Cleigenes, mwenye bafu la watu wote, mfupi wa kimo, anayeuza sabuni ya majivu iliyochakachuliwa. Wahakiki wengi hupita hapa haraka wakidhani ni tusi la kujazia nafasi. Mimi naliona limechaguliwa. Kosa analosingiziwa ni kuchanganya kitu safi na taka na kukiuza kama safi, na mara tu wimbo unapokwisha, hotuba ya pili inafunguka kwa habari ya sarafu.

Athens ilisifika kwa sarafu zake za fedha zenye bundi, zilizokubalika kila soko. Lakini machimbo yake ya fedha yalikuwa yamekatizwa na ile ngome ya Decelea. Kwanza mji uliyeyusha dhahabu ya sanamu za hekaluni na kupiga sarafu za dhahabu, kisha ukatoa sarafu za shaba. Kila mtu aliyeketi pale alikuwa nazo kibindoni. Korasi inasema: tunawatumia raia wetu jinsi tunavyozitumia sarafu. Zile za zamani, zilizopigwa sawasawa na kujaribiwa kwa mlio kila mahali, hatuzigusi. Tunatumia hizi mbovu za shaba zilizopigwa juzi. Na watu vivyo hivyo. Waliolelewa katika viwanja vya mieleka, katika korasi na muziki, tunawasukuma kando. Wa shaba, wageni, wenye nywele nyekundu, tunawapa kila kazi.

Mlio ndio unaonishika. Sarafu hupimwa kwa kugongwa juu ya meza na kusikilizwa. Dakika chache kabla, hadhira hii imekaa ikisikiliza watu wawili wakigongwa kwa mjeledi, na masikio yake yamejaribu kutambua ni mlio upi wa mungu na upi wa mtumwa. Haikuweza. Sasa korasi inawaambia watu hao hao kwamba ubora husikika kwa kugonga. Mshono niliodhani haupo, uko hapo.

Lakini ukiisha kuuona mshono huo, hotuba ya korasi haisomeki tena kwa raha, na nadhani hilo ni jambo jema. Maneno juu ya wenye nywele nyekundu ni dharau ya wazi. Nywele hizo ziliwatambulisha watumwa kutoka kaskazini. Pyrrhias, Mwekundu, lilikuwa jina la mtumwa. Hotuba inatetea msamaha kwa matajiri wa zamani na kuwadhihaki waliopanda juzi, punde tu baada ya kusifu kukombolewa kwa wapiga makasia. Kama tungekuwa na parabasi peke yake, tungemhesabu Aristophanes kuwa msemaji wa wakubwa, basi.

Tunayo zaidi ya parabasi. Tazama anayetoka mlangoni mstari wa 20 wa hotuba ukishatamkwa. Ni Xanthias, ambaye jina lake maana yake ni Wa Manjano, mwenye nywele za rangi hafifu, jina jingine la kitumwa. Pamoja naye yuko mtumwa wa Pluto, bwana wa Kuzimu. Wanaketi na kuzungumza kama watu waliokutana kisimani baada ya kazi. Wanaulizana: unajisikiaje ukimlaani bwana kimoyomoyo? Ukisikiliza mlangoni mabwana wakizungumza? Ukiyatangaza nje uliyoyasikia? Kila jibu linazidisha furaha, mpaka wanashikana mikono na kubusiana kama ndugu. Na ni wao, hawa wa shaba, ambao mtunzi amewapa kazi ya kutufahamisha kinachokuja: kwamba mtunzi wa tanzia Euripides amefika Kuzimu na kudai kiti cha mwenzake Aeschylus, na patakuwa na shindano.

Kwa hiyo hotuba juu ya raia halisi imewekwa katikati ya matukio mawili: nyuma yake, viboko visivyoweza kumtofautisha mtumwa na mungu, mbele yake, watumwa wawili werevu, wachangamfu, wanaojua kila siri ya nyumba. Sisemi kwamba Aristophanes alipinga utumwa. Hakupinga. Nasema kwamba umbo la tamthilia yake linajua zaidi ya hotuba iliyomo ndani yake, na ujuzi huo umetokana na mahali kipande kilipowekwa.

Sasa agoni, yaani malumbano, nguzo ya pili ya futuhi hii. Kwa kawaida ilitangulia parabasi: watu wawili hubishana mbele ya korasi, mmoja hushindwa, kisha korasi husogea mbele. Katika Vyura imeahirishwa mpaka nusu ya pili na kupewa nafasi kubwa, huku Dionysus akiwa mwamuzi. Euripides alikuwa amekufa mwaka 406 KK, na Sophocles muda mfupi baada yake. Tanzia ya Athens ilibaki na viti vitupu. (Wasomaji wa Kiswahili walio na Mfalme Edipode ya Samuel Mushi wanamjua angalau huyo Sophocles, ambaye hapa anakaa kimya kwa adabu, hagombei kitu.)

Katikati ya malumbano kuna kituko cha chupa ya mafuta, mfano bora ninaoujua wa uhakiki wa umbo uliofanywa kwa umbo lenyewe. Euripides anatamka mianzo ya tamthilia zake, moja baada ya nyingine. Kila mara sentensi inapofika mahali fulani, Aeschylus anamkatiza kwa kuongeza kwamba mhusika alipoteza kichupa chake cha mafuta. Mfalme mkuu alisafiri toka Misri na wanawe, na alipofika Argos, akapoteza kichupa. Mungu akirukaruka mlimani kwa ngozi za paa, akapoteza kichupa. Kinaingia kila mahali.

Anayejua ukwapi na utao wa shairi letu atauelewa ufundi huu upesi. Mstari wa mazungumzo ya tanzia ya Kigiriki haukupimwa kwa idadi ya silabi bali kwa mpangilio wa silabi ndefu na fupi, lakini ulikuwa na kituo ndani yake, na Euripides alipenda kufungua tamthilia kwa sentensi ndefu ambayo kitenzi chake kikuu husubiri hadi baada ya kituo hicho. Aeschylus ametengeneza utao mmoja unaokwenda na kila ukwapi wa mwenzake, kwa bahari na kwa sarufi. Lawama yake haihitaji maelezo: unaanza kila mara kwa njia moja, na njia hiyo ni nyepesi kiasi kwamba kitu duni cha nyumbani kinaijaza. Baadaye wanazuoni wa arudhi walikipa kipande hicho cha bahari jina la chupa, lekythion, na jina likabaki.

Halafu inaletwa mizani. Mizani ya kweli, yenye sahani mbili, kama ya muuza jibini. Kila mshairi anasimama kando ya sahani yake na kutamka mstari ndani yake, na sahani inashuka au inapanda. Euripides anaweka meli inayoruka. Aeschylus anaweka mto, na mto umelowa, ni mzito. Euripides anaweka Ushawishi. Aeschylus anaweka Kifo. Euripides anaweka rungu lenye chuma. Aeschylus anaweka magari juu ya magari na maiti juu ya maiti.

Kiswahili kina bahati hapa ambayo Kigiriki hakikuwa nayo. Kwetu mizani ni ile ya sokoni, na mizani ni zile silabi tunazohesabu katika mshororo. Mtoto wa shule anayeambiwa ahesabu mizani za shairi yuko tayari ndani ya kichekesho ambacho Aristophanes alilazimika kukijengea kifaa cha mbao na kamba. Lakini kifaa hicho kina kasoro moja, nayo ndiyo shabaha ya tukio. Kinapima vitu vilivyotajwa, hakipimi ushairi. Mstari wenye maiti ni mzito kwa sababu maiti ni nzito. Dionysus anajua. Mara tatu Aeschylus anashinda, na bado mungu hawezi kuamua.

Mjeledi ulishindwa, mizani imeshindwa. Kilichobaki ni swali la mji. Dionysus anawauliza wote wawili: Alcibiades, tumfanyeje? Mji, tuuokoeje? Majibu yao hayampi uhakika pia, na mwishowe anasema atamchagua yule ambaye nafsi yake inamtaka, akamtaja Aeschylus arudi naye duniani. Baadhi ya wahakiki huona huo ni udhaifu wa mtunzi aliyeshindwa kuhitimisha. Mimi nauona ni uaminifu. Tamthilia imekagua kila kipimo ambacho mji ulikuwa nacho, cha mahakama, cha soko na cha jukwaa, na kukiri kwamba mwamuzi anabaki na nafsi yake. Waamuzi walioketi mbele, na vibao vyao mkononi, waliambiwa hivyo usoni.

Korasi inamsindikiza Aeschylus kurudi duniani kwa mienge. Ni komos ile ile, watu wakiandamana kwa wimbo.

Miezi michache baadaye, mwaka huo huo wa 405 KK, Athens ilipoteza karibu meli zake zote huko Aegospotami. Mji ukiwa umezingirwa, azimio lililoletwa na Patrocleides liliwarudishia haki wengi wa wale waliokuwa wamenyang'anywa, jambo lile lile ambalo korasi ililiomba. Mwaka 404 KK Athens ilisalimu amri. Wanazuoni wa kale wameacha habari kwamba Vyura ilipewa heshima adimu ya kuchezwa tena, na kwamba iliipata kwa ajili ya parabasi yake.

Aristophanes aliendelea kutunga, lakini katika tamthilia zake mbili za mwisho zilizobaki, ya pili ikiwa Utajiri ya mwaka 388 KK, parabasi haipo tena. Korasi inazidi kunyamaza. Kufikia zama za mtunzi Menander, mwishoni mwa karne hiyo, hadithi imehamia nyumbani kwa jirani: baba mkali, kijana aliyependa, mpishi mwenye makelele, mtoto aliyetupwa akaokotwa. Upimaji umebaki, ila zana zake zimekuwa ndogo. Katika tamthilia yake iitwayo Usuluhishi, mchungaji na mchoma makaa wanagombea vitu vidogo alivyookotwa navyo mtoto mchanga, na wanamwomba mzee anayepita awaamulie. Mzee anaamua kwa haki na kwenda zake, hajui kwamba mtoto huyo ni mjukuu wake. Pete iliyomo kati ya vitu hivyo ndiyo itakayothibitisha mtoto ni wa nani. Na katika mafunjo yaliyofukuliwa Misri, yaliyotuhifadhia Menander, kati ya tendo na tendo, pale ambapo watu 24 walikuwa wakisogea mbele kuusemesha mji, mnakili ameandika neno moja tu, khorou, wa korasi, na chini yake hakuna wimbo.